Kujenga chesisi mpya ya Land Rover 109 pikapu: mwongozo kamili kwa fundi wa Malindi

Land Rover 109 iliyozeekea Malindi huwa na ugonjwa mmoja. Ukiitazama kwa juu ni nzima, ukiingia chini na nyundo unatoka na ndoo ya kutu. Bodi yake ni ya aluminiamu, haili kutu kama chuma. Chesisi, yaani fremu ya chini inayobeba gari zima, ni bati la chuma la unene wa kama milimita 2, lililochomelewa likawa boksi lenye uwazi ndani. Mchanga na unyevu wa chumvi huingia kwenye uwazi huo na hautoki tena. Kutu huanzia ndani, na siku unapouona kwa nje, ukuta ni mwembamba kama kopo la maziwa. Malori yanayobeba chumvi Gongoni yanaumwa vivyo hivyo, ila yao huenda mbio zaidi.

Kubandika viraka juu ya chuma kilichooza ni kupoteza vijiti vya kuchomelea. Mwongozo huu ni wa kujenga chesisi mpya kabisa, na kwa kuwa unajenga upya, unaishusha gari milimita 50 mbele na 75 nyuma ili ikae chini kama gari la fahari, si la kubebea makuti. Eksili, springi, injini na giaboksi tunabaki na vya asili. Atakaye kutia injini ya Toyota atafuata hatua hizihizi, ila vishikio vya injini na ubavu wa giaboksi (ubavu ni chuma kinachokatisha kati ya mihimili miwili mirefu) atavipima upya.

Makaratasi kabla ya grinda

Kitabu cha gari kimeandikwa nambari ya chesisi. Nenda NTSA kwanza, ile mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, eleza kwamba unabadilisha fremu, na uulize nambari itahamishwa vipi na ukaguzi utafanyika lini. Usikate kipande chenye nambari ukakichomelea kwenye fremu mpya kwa akili yako mwenyewe. Hata kama gari ni la marehemu babu yako, askari akiona chomelea kuzunguka nambari ataona gari la wizi. Piga picha nambari ikiwa bado kwenye chesisi kuukuu, na uitunze chesisi hiyo mpaka ukaguzi upite.

Kupima gari likiwa bado limesimama

Hapa ndipo kazi inapoharibikia, maana kila mtu ana haraka ya kufungua bolti. Kabla hujafungua hata moja, liweke gari kwenye sakafu ya saruji, magurudumu yametazama mbele, upepo wa tairi sawa pande zote.

Chukua timazi na kamba nyembamba. Ishushe kutoka kila pointi muhimu mpaka sakafuni, halafu gonga alama kwa msumari, usitie chaki tu. Pointi zenyewe: bolti za springi zote nane, katikati ya kila eksili kulia na kushoto, bolti za kushikia bodi zote, mahali stelingi boksi (boksi la gia za usukani) inapokaa, na vishikio vya injini na giaboksi. Kwa kila pointi andika pia kimo chake kutoka sakafuni. Ukimaliza una ramani kamili ya gari iliyochorwa sakafuni kwa ukubwa wake halisi.

Sasa ihakiki. Kutoka katikati ya eksili ya mbele mpaka ya nyuma ni inchi 109, yaani milimita 2769, kulia na kushoto. Umbali kati ya katikati ya tairi la kulia na la kushoto ni milimita 1308. Ukikuta upande mmoja 2769 na mwingine 2758, chesisi kuukuu imejikunja au springi imesogea, na hutaki kuiga kosa hilo. Pima mshazari: kutoka bolti ya springi ya mbele kulia hadi ya nyuma kushoto, kisha kinyume chake. Vipimo viwili vikipishana zaidi ya milimita 5, pointi za chesisi kuukuu zimehama. Chora mstari wa katikati wa gari, kisha usahihishe kila pointi kwa kupima kutoka mstari huo.

Tazama pia nafasi ya milango. Mlango unaogusa juu na kuachama chini unakuambia fremu imelala katikati. Vimo vya bolti za bodi ulivyovipima kwenye fremu iliyolala si vya kweli. Vinyooshe kwa kamba kutoka mbele hadi nyuma.

Vifaa

Nunua bomba la mstatili la 120 kwa 60, unene milimita 4, vipande viwili vya mita 6. Hiyo ndiyo mihimili mirefu. Gari lote lina urefu wa milimita 4445, kwa hiyo kila bomba litabakisha kipande cha kutengenezea mikono ya kushikia bodi. Bomba hili lina uzito wa karibu kilo 10 na nusu kwa mita. Wengi hununua 100 kwa 50 ya milimita 3 kwa sababu ni rahisi na ipo kila duka la vyuma, lakini ugumu wake dhidi ya kupinda haufiki nusu ya 120 kwa 60 ya milimita 4. Hiyo 100 kwa 50 inunue vipande viwili kwa ajili ya mbavu.

Ongeza bamba la milimita 4 la futi 4 kwa 2 la kuimarishia maungio, kipande cha bamba la milimita 6 cha vishikio vya springi, na bomba nene la duara la kukalia bushi, ule mpira unaoingia kwenye tundu la springi. Hilo la duara usiliagize kwa simu. Chukua bushi mfukoni uende nayo dukani ukaijaribu. Vijiti vya kuchomelea vya aina ya 6013 vya milimita 3.2 kilo 5, vya 7018 pakiti ndogo, na diski za kukatia ishirini.

Dukani nenda na vanya kalipa, kile kipimo cha kubana cha kupimia unene. Bomba linaloitwa la 4 mara nyingi lina 3.5 ukilipima. Lilaze sakafuni pia: likibembea kama mtumbwi limejisokota, liache palepale. Na usinunue bomba lililopakwa zinki ukidhani umeshinda kutu. Moshi wa zinki inayoungua huleta homa na kutetemeka jioni, na yale maziwa mafundi wanayokunywa hayazuii chochote. Zinki itakuja mwisho, kazi ikiwa imekamilika.

Kitanda

Fremu haichomelewi juu ya matofali. Inataka kitanda ambacho hakiendi popote. Kwenye sakafu ya saruji, funga nguzo nane za bomba la 50 kwa 50 kwa bolti za kutanulia, zikisimama juu ya zile alama ulizogonga. Kama karakana yako iko chini ya mwembe na ardhi ni mchanga, chimba mashimo nane ya sentimita 30 kwa 30, kina 40, umwage zege na kusimamisha nguzo humo. Mchanga mtupu wa Malindi hushuka ukishabeba uzito.

Usawa wa vichwa vya nguzo utafute kwa mpira wa maji, ule mpira mwangavu wa mita 10. Pimamaji ya mkono haifai kwa umbali wa mita 4, kosa la nusu milimita kwenye pimamaji huwa milimita kadhaa mwisho wa fremu. Toa mapovu yote kwenye mpira kwanza, povu moja tu linadanganya. Lengo ni milimita 1 kati ya nguzo zote.

Kukata na kupandisha mihimili

Springi za Land Rover hii tayari ziko chini ya eksili, kwa hiyo ile mbinu ya kuzihamisha toka juu kwenda chini ili gari lishuke haipo. Kinachobaki ni kupandisha muhimili unapopita juu ya eksili, na kupandisha vishikio vya springi pamoja nao. Nyuma pandisha milimita 75 zaidi ya asili, kwa sababu 109 ikiwa tupu huinua mkia. Mbele usizidishe 50. Zaidi ya hapo kata ya oili iliyo chini ya injini inakaribia difu ya mbele (boksi la gia katikati ya eksili), na shimo la kwanza la barabarani litazikutanisha. Kati ya eksili na mpira wa kuzuia, ule unaopokea eksili isigonge muhimili, acha angalau milimita 75 gari likiwa limesimama tupu.

Kona ya kupandia haikatwi wima. Ukikata bomba wima na kuliunganisha, chomelea yote inakaa kwenye mstari mmoja, na mstari huo ndio unaobeba mvuto wote wa juu na chini. Ufa utaanzia hapo. Kata kwa mshazari ili kiungo kigawane pembe, acha upenyo wa milimita 2 kati ya vipande, chonga kingo kwa grinda mpaka zifanye V, chomelea, kisha bandika bamba la milimita 4 kila upande wa muhimili. Bamba lenyewe likate mfano wa kishada cha pembe nne zilizochongoka, ncha zikielekea mbele na nyuma. Bamba la mraba linahamisha tu mahali pa kupasuka, kutoka kwenye kiungo mpaka ukingoni mwa bamba.

Mbavu na mpangilio wa kuchomelea

Mbavu zetu ni sita: wa mbele kabisa, wa chini ya injini, wa giaboksi, wa katikati, wa mbele ya eksili ya nyuma, na wa mwisho wenye ndoano. Wa giaboksi ufungwe kwa bolti nne, usichomelewe. Ukiuchomelea, siku klachi ikiisha utakata ulichojenga.

Ubavu wa mbele una jambo lake. Kwenye gari hili ndani yake kumesimama rilei ya usukani, ule mtungi unaopokea mwendo wa stelingi boksi na kuupeleka kwenye magurudumu. Kwenye chesisi kuukuu itakuwa imeshikana na kutu. Iloweshe mafuta ya kulegeza kutu kwa siku tatu au nne, asubuhi na jioni, fungua bolti zake, kisha isukume kutoka chini kwa jeki ya chupa huku ukigonga ubavu kwa nyundo pembeni. Usiipige kichwani kwa nyundo kubwa, na usiifungue: ndani mna springi iliyobanwa kwa nguvu inayoweza kuruka na kumjeruhi mtu vibaya. Kwenye fremu mpya ipandishe kwa milimita 50 zilezile ulizoshusha mbele. Usipofanya hivyo, fimbo ya usukani italala mshazari na gari litakuwa linajikata kona lenyewe kila likiruka tuta.

Panga kila kitu kitandani, kibane kwa klempu, kisha tia vidonge vya kuchomelea tu, yaani chomelea fupi za kushikiza, vya milimita 15, vinne kila kiungo. Simama. Pima mshazari. Ukiwa umepishana zaidi ya milimita 2, vunja vidonge urekebishe sasa, maana kidonge kinavunjwa kwa diski kwa dakika moja na chomelea kamili inakula nusu siku.

Chomelea ikipoa hujikunja na kuvuta chuma upande wake. Ukimaliza kiungo kizima kabla ya kwenda kingine, muhimili utapinda kama upinde. Choma milimita 50, ruka upande wa pili wa fremu uchome 50 nyingine mkabala wake, kisha nenda mwisho mwingine. Mkono ukiwa hauwezi kushika kiungo kwa joto, usikirudie. Siku nzima inaweza kwisha kwa mbavu tatu, na si uvivu.

Kijiti cha 6013 cha milimita 3.2 kipe ampea 100 hadi 130. Kwa vishikio vya springi na ubavu wa usukani tumia 7018, ampea 110 hadi 140. Hicho 7018 kinachukia unyevu, na hewa yetu ni unyevu mtupu: kikilala wazi usiku mmoja kinanyonya maji, na chomelea inatoka na vitundu au ufa usioonekana. Ndiyo maana tumesema pakiti ndogo, uifungue na kuimaliza siku hiyohiyo. Mwenye mashine ya gesi na waya ajikinge na upepo. Kusi likivuma linapeperusha gesi na chomelea inakuwa kama sifongo. Tundika turubai au ubadili utumie kijiti. Jioni umeme ukishuka nguvu, moto wa kijiti unalegea na takataka zinabaki ndani. Kazi nzito ifanye asubuhi.

Tahadhari moja kuhusu vishikio na mikono ya bodi: usichomelee kukatisha uso wa juu au wa chini wa muhimili. Huko ndiko chuma kinakovutwa zaidi. Chomelea pembeni mwa muhimili, katikati ya kimo. Na kila bolti inayopita kwenye bomba ipitie ndani ya kijibomba kilichochomelewa pande zote mbili, la sivyo ukikaza nati bomba linabonyea, na tundu linakuwa mlango wa maji.

Springi, eksili na propela shafti

Funga springi bila kukaza bolti za bushi. Zikaze gari likiwa limesimama kwa uzito wake, vinginevyo mpira wa bushi unabaki umesokotwa na kupasuka kwa miezi michache. Pima tena 2769 kulia na kushoto; kupishana kusizidi milimita 3.

Kushusha gari kunabadilisha pembe ya difu. Shingo ya difu na shafti ya kutokea giaboksi ziwe sambamba, tofauti isipite nyuzi 1, na kila krosi (kiungo cha kupindia kwenye ncha ya propela shafti, fimbo inayopeleka nguvu toka giaboksi hadi difu) ifanye kazi kati ya nyuzi 1 na 3. Simu yako ina programu ya kupima pembe na inatosha kabisa kwa kazi hii. Ikizidi, tia kabari ya chuma kati ya springi na eksili. Angalia pia sehemu ya kutelezea ya propela shafti: ibaki na angalau milimita 25 za kuingia, gari likiwa limeshuka mpaka mwisho.

Breki tengeneza mabomba mapya, usihamishe ya zamani. Yapitishe upande wa ndani wa muhimili, klipu kila sentimita 30.

Chumvi

Bomba ama lifungwe kabisa, ama liwe wazi kabisa. Chesisi nyingi zilizojengwa upya huku zimekufa kwa unusunusu: kuna tundu la waya hapa, bolti isiyo na kijibomba pale, hewa ya chumvi inaingia, maji hayatoki.

Ukichagua kufunga, ziba ncha zote kwa bamba na utie nati ndogo ya kujaribia kila chumba. Pampu ya baiskeli, upepo kidogo tu wa kama psi 3, na povu la sabuni kwenye kila chomelea. Povu likitokea, hapo pana tundu; litie alama, toa upepo, choma, rudia. Kisha kaza bolti kwenye nati.

Ukichagua uwazi, toboa matundu ya milimita 12 kila mahali palipo chini kabisa, hasa kwenye mabonde ya kabla na baada ya kupanda juu ya eksili, na unyunyize nta ya chesisi ndani kwa bomba refu. Kila mwaka, baada ya masika, rudia nta na uzibue matundu. Ukitaka kuizamisha fremu nzima kwenye zinki moto, hii ndiyo njia pekee. Fremu iliyofungwa ikiingia kwenye beseni la nyuzi 450, hewa iliyonaswa ndani inaipasua, na watu wa kiwandani wataikataa langoni.

Kwa wasiozamisha, ni rangi. Piga msasa mpaka lile ganda la bluu la kiwandani litoke, osha, kausha, na upake praima ya zinki ndani ya saa nne. Ukilaza usiku chuma kilichosuguliwa, asubuhi kina vumbi la rangi ya chungwa na kazi inaanza upya. Osha kwa maji ya mfereji. Maji ya visima vilivyo karibu na ufuo yana chumvi, na ukioshea hayo unapaka chumvi chini ya rangi. Juu ya praima tia mikono miwili ya rangi ya epoksi. Ile desturi ya kupaka oili chafu ni rahisi, lakini oili inashika mchanga na kula bushi za mpira.

Bodi nayo isiguse fremu. Aluminiamu na chuma vikikutana kwenye unyevu wa chumvi, aluminiamu ndiyo inayoliwa, na utaona unga mweupe kuzunguka bolti. Weka mpira wa milimita 6 kila kishikio na washa za nailoni chini ya kila kichwa cha bolti.

Kujaribu

Safari ya kwanza iwe ya lami, kama kilomita 20, bila mzigo. Rudi, kaza yubolti zote, zile bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye eksili. Zikaze tena baada ya kilomita 50, halafu 500. Baada ya hapo nenda kwenye mchanga na matuta, upande wa Mambrui unatosha, ukiwa na mifuko minne ya saruji nyuma.

Ukirudi, tafuta nyufa. Futa kila chomelea ya kishikio cha springi na kila kona ya kupandia, paka mafuta ya taa kwa brashi, subiri dakika kumi, futa mpaka pakauke, kisha paka unga wa chaki juu yake. Gonga karibu na chomelea kwa nyundo ndogo. Penye ufa, mafuta yaliyoingia ndani yatarudi juu na kuchora mstari mweusi mwembamba kwenye chaki. Mstari huo usiuchomelee juu kwa juu: toboa tundu la milimita 3 kwenye kila ncha yake, chonga ufa wote kwa diski mpaka chini, ndipo uchome upya kwa 7018.